Ada za Chama cha Bunduki cha Marekani

Kwa askari wa Bujumbura, wa jeshi au wa polisi, bunduki anayoishika ni mali ya dola. Raia naye hana budi kufuata sheria ya Burundi ya mwaka 2009 juu ya silaha ndogo ndogo. Ndiyo maana si rahisi kufahamu habari za raia wa Marekani anayelipa ada kwa miaka 30 mfululizo, na kuongeza michango juu yake, ili kukitegemeza chama kinachotetea haki ya kumiliki bunduki.

Chama hicho, National Rifle Association, hakikuanza na siasa. Kiliasisiwa New York mwaka 1871 na William Church na George Wingate, waliokuwa wamechukizwa na askari wasiojua kulenga shabaha. Kwa miaka mingi kazi yake kubwa ilikuwa mafunzo na mashindano. Idara yake ya kushawishi watunga sheria iliundwa mwaka 1975, na mfuko wa kuwasaidia wagombea uchaguzi ukafuata mwaka 1976.

Siri ya nguvu yake imo katika kanuni moja. Si kila mlipa ada apigaye kura: haki hiyo ni ya mwanachama wa maisha, au ya yule aliyelipa miaka mitano bila kukatiza. Mwezi Mei 1977, katika mkutano mkuu wa Cincinnati, viongozi walikuwa na mpango wa kuhamishia makao Colorado na kujishughulisha zaidi na uwindaji na michezo. Wanachama wa maisha wakakesha ukumbini, wakawang'oa viongozi hao kwa kura, wakamweka Harlon Carter. Kuanzia usiku huo chama kikawa cha mapambano ya kisiasa.

Lakini kura ya mwanachama haikuilinda fedha yake. Wayne LaPierre alikiongoza chama tangu mwaka 1991 hadi alipojiuzulu Januari 2024. Mwezi uliofuata, baraza la raia katika mahakama ya New York liliamua kwamba alitumia mali ya chama kwa anasa zake, zikiwamo safari za ndege za kukodi, na kwamba arudishe zaidi ya dola milioni 4. Chama chenyewe kilionekana kimeshindwa kuitunza mali iliyotoka mifukoni mwa wanachama, wengi wao wakiwa watu wa kipato cha kawaida. Julai 2024 jaji alimpiga LaPierre marufuku kushika kazi ya mshahara chamoni kwa miaka 10.