Ni Nani Amteuaye Jaji?

Wakazi wa Bugolobi, mjini Kampala, wanayo sababu yao ya kuikumbuka hukumu iliyotolewa na Mahakama ya Juu ya Uganda tarehe 31 Januari 2025. Aliyeifungua kesi hiyo, Michael Kabaziguruka, alikuwa Mbunge wao wa Nakawa wakati aliposhtakiwa mwaka 2016 mbele ya mahakama ya kijeshi, hali yeye si askari.

Mahakama ya Juu, chini ya Jaji Mkuu Alfonse Owiny-Dollo, iliamua kwamba mahakama za kijeshi, kwa jinsi zilivyoundwa, hazina haki ya kuwahukumu raia. Sababu mojawapo yaeleweka na kila mtu: wajumbe wa mahakama hizo huteuliwa na Kamandi Kuu ya jeshi, nao ni maofisa walio chini ya amri ya wakubwa wao.

Rais Museveni aliipinga hukumu hiyo, akasema kwamba nchi hutawaliwa na wananchi, wala si majaji. Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Jaji hapigiwi kura, na hata hivyo aweza kuibatilisha sheria iliyotungwa na waliopigiwa kura. Katiba ya 1995, katika ibara ya 126, yasema kwamba mamlaka ya mahakama yatoka kwa wananchi. Je, humfikia jaji kwa njia gani? Kwa ibara ya 142, Rais humteua kwa ushauri wa Tume ya Utumishi wa Mahakama, na Bunge huidhinisha. Tume yenyewe nayo huteuliwa na Rais kwa idhini ya Bunge. Hata wajumbe wake wawili wasio wanasheria, ambao mtu angedhani ni sauti ya wananchi, hupendekezwa na Rais.

Basi majaji wanaolaumiwa kwamba hawakutoka kwa wananchi waliingia kwa mlango ambao ufunguo wake anao mlalamikaji mwenyewe. Tofauti yao na ofisa wa mahakama ya kijeshi huanza baada ya kuteuliwa: jaji wa Mahakama ya Juu hukaa kitini hadi miaka 70, wala haondolewi bila ya kuchunguzwa na baraza maalumu. Aliyemteua hawezi kumwondoa kwa sababu tu hukumu imemchukiza.

Mwezi wa Mei 2025 Bunge lilipitisha sheria mpya inayoruhusu tena raia kushtakiwa katika mahakama za kijeshi kwa makosa kadhaa, na Rais akaitia sahihi mwezi uliofuata.