Njo Ye! Benchi la Kalemie Lilivyoihukumu Mortal Kombat

"Njo ye! Njo ye huyu!"

Mtoi wa miaka kumi na moja amepanda juu ya benchi, kidole kwa skrini. Tumebanana wasee kama kumi na wawili kwa mabenchi mawili ya mbao, nje mvua, ndani tivi moja na joto la watu. Kwa Kiswahili cha Kalemie, mashariki ya Kongo, "njo ye" ni "ndiye." Sub-Zero ameingia kwa filamu na hakuna mtu amemtaja jina bado. Mtoi amemjua kwa barafu, na kwa vile anasimama: mabega chini, mikono wazi, vile tu anasimama kwa gemu akingoja uanze.

Huyo mtoi ni mpwa wangu. Ananiita noko, vile Wakongo wengi wanaita mjomba. Mimi ni wa Umoja, Eastlands ya Nairobi. Sistangu aliolewa huku, so nilishika basi mpaka Kigoma, nikavuka Ziwa Tanganyika nimcheki. Samaki wa mikebuka nimekula, bukari, yaani ugali, na sombe ya majani ya mihogo nimedishi mpaka basi, lakini jioni zangu zote zimeishia kwa hii base ya gemu, hatua chache kutoka Avenue Lumumba. Na manze, kwa miaka yote nimeskia watu wakibonga kuhusu filamu zilizotolewa kwa gemu, sijapata wakosoaji wa kuamini kama hawa watoi.

Mashine yenyewe ni PlayStation 2, ile nyeusi. Sony waliitoa mwaka wa 2000 na wakauza zaidi ya milioni 150. Unatoa noti ya faranga 500, ile yenye picha ya wachimba almasi, mwenye play anakupa maneti. Maneti ndiyo pad. Sheria ni moja na haina mjadala: ukipigwa, unapitisha.

Diski inayogombaniwa ni Mortal Kombat Armageddon ya mwaka wa 2006, yenye wapiganaji zaidi ya 60. Menyu ni ya Kiingereza, shule ni ya Kifaransa, nyumbani ni Kiswahili. Hakuna mtoi hapa amesoma hadithi ya Scorpion mahali. Wameijua kwa vidole: wanajua ile kamba yake inatoka kwa mkono upi, barafu ya Sub-Zero inachukua muda gani kukushika, na ukirusha mapema unaachwa wazi. Ndiyo maana jioni mwenye play akizima mashine na kuchomeka flashi yenye filamu ya Mortal Kombat ya 2021, kimya kinashuka kama kanisani. Wanakuja kuangalia kama Wamarekani wamewaheshimu.

Ilianza na miili ya watu

Hii kitu ina historia tamu, acha niiseme. Mortal Kombat ilitoka mwaka wa 1992, kazi ya Midway, kampuni ya Chicago. Vichwa viwili vya mwanzo ni Ed Boon na John Tobias. Mwanzoni walitaka gemu ya Jean-Claude Van Damme mwenyewe. Dili haikushika, wakamtengeneza Johnny Cage, staa wa filamu mwenye mikwara, herufi za jina lake J na C kama za Van Damme. Kalemie ni mji ambao Wabelgiji waliuita Albertville, na kati ya Wabelgiji wote waliowahi kutajwa huku, huyu wa mateke ndiye anayependwa mpaka leo bila masharti.

Halafu wakafanya kitu ambacho gemu nyingi za wakati ule hazikufanya. Badala ya kuchora wapiganaji, waliita watu wa kweli wanaojua kupigana, wakawasimamisha mbele ya kamera na kuwarekodi ngumi kwa ngumi. Daniel Pesina alikuwa Johnny Cage, na huyo huyo ndiye Scorpion, ndiye Sub-Zero, ndiye Reptile. Nguo ni ile ile, rangi ndiyo ilibadilishwa kwa mashine: njano, bluu, kijani. Nilipomwambia mpwa wangu kwamba Scorpion na Sub-Zero, maadui wa damu, walikuwa mwili wa msee mmoja, alikaa kimya kidogo, akasema: "Basi njo maana banajuana hivi." Ndiyo maana wanajuana hivi.

So filamu ya Mortal Kombat ina deni. Ilitoka kwa miili, lazima irudi kwa miili. Ya kwanza, ya Paul W. S. Anderson mwaka wa 1995, ililipa kiasi. Robin Shou kama Liu Kang alikuwa anapigana kweli, na Goro mwenye mikono minne alikuwa vazi na mitambo iliyotengenezwa kwa mkono, kitu chenye uzito ambacho waigizaji waliweza kukigusa. Ya 1997, Annihilation, ilijaza majina mengi na kusahau kumpa yeyote nafasi ya kupumua. Watoi wa hapa wakiwekewa hiyo, wanaomba warudishiwe play.

Kajembe ka mama

Ya 2021 iliongozwa na Simon McQuoid, ikapigwa Australia Kusini, na dakika zake za kwanza ndizo zilifanya niandike hii stori.

Japani, mwaka wa 1617. Hanzo Hasashi, yule atakayekuwa Scorpion, aliyeigizwa na Hiroyuki Sanada, yuko kejani na familia. Mkewe ana kachuma kadogo kenye ncha, ka kuchimbia bustani. Hanzo anaenda kuchota maji. Akirudi, mke na kijana wake wameshagandishwa na Bi-Han, yule tunamjua kama Sub-Zero. Maadui wanamjia, na silaha hana. Anaona kale kachuma. Anakashika, anakafunga kamba, anaanza kukazungusha.

Benchi lote likaganda. Mpwa wangu akanishika mkono. "Noko, kale haiko kajembe ka mama?"

Ndiko. Silaha ambayo tumerusha tangu 1992, ile ya kuvuta mtu na kumleta karibu, ilikuwa kifaa cha mathe cha kulimia. Gemu ilitupa kamba na ncha, na kwa miaka hatukuuliza ilitoka wapi. Filamu imeipa nyumba. Na Kalemie, ambako karibu kila mathe ana kajembe na kipande cha kulima sombe, hakuna mtoi alihitaji kuelezwa kile kilichoibwa pale.

Hapo ndipo naona kazi ya filamu ya gemu. Kwa gemu mimi ndiye ninapigana, so hasira inatosha kuwa yangu. Kwa filamu nimenyang'anywa maneti, mikono yangu iko mitupu juu ya mapaja. Lazima mtu anipe kitu cha kushika. McQuoid alitupa kajembe, na tulikashika mpaka mwisho, Scorpion aliporudi kutoka motoni na kamba yake.

Na miili ilikuwepo. Joe Taslim, anayecheza Sub-Zero, alikuwa mwanajudo wa timu ya taifa ya Indonesia kabla ya sinema. Kwa pigano la mwisho kuna sekunde anamkata Scorpion, damu inaruka, anaigandisha hewani inakuwa kisu, anamchoma nacho. Tulirudisha hiyo sehemu mara nne. Vidole vya watoi vilikuwa vinacheza hewani vikitafuta ni batani gani.

Ule haiko mu gemu

Sasa ngori. Katikati ya filamu wamemweka msee anaitwa Cole Young, Lewis Tan amemcheza, na kwa gemu zote za nyuma hayuko. Alitungwa kwa ajili ya filamu, mpiganaji wa kulipwa ambaye kumbe ni kizazi cha Hanzo. Nia naielewa: walitaka mgeni awashike mkono wageni wengine. Lakini benchi letu halikuwa na mgeni hata mmoja.

"Ule ni nani?"

"Ule haiko mu gemu."

Basi. Wawili wakatoka kununua bitumbura. Wengine wakaanza stori za mpira. Lewis Tan anajua kupigana, shida haikuwa mwili wake. Shida ni kwamba hakuna mtu pale aliwahi kushindwa naye au kumshinda. Hakuwa na deni na yeyote. Kubwa zaidi, Mortal Kombat ni jina la mashindano, na filamu ya 2021 inaisha kabla ya mashindano yenyewe kupigwa. Watoi walikaa saa moja na zaidi wakingoja kengele. Filamu ya pili, yenye Karl Urban kama Johnny Cage, ilisogezwa kutoka Oktoba 2025 hadi Mei 2026, na hiyo ndiyo inabeba mashindano. Ni haki ya hawa watoi.

Kitu kimoja filamu haikuhitaji kuwaeleza kabisa ni uchawi. Raiden, mungu wa radi, akishuka na umeme machoni, hakuna aliyeshtuka. Mashariki ya Kongo ni kati ya sehemu zinazopigwa na radi nyingi zaidi duniani, na kuzunguka hili ziwa watu wamekua wakiskia habari za radi ya kutumwa. Kwa mtoi wa Nairobi Raiden ni mhusika. Huku ni mtu ambaye bibi angeweza kukuonya juu yake.

Na watoi walikuwa na mtafsiri. Yaya mmoja, yaani kaka mkubwa kwa Kiswahili cha huku, kijana wa miaka ishirini na kitu, anasimama kando ya tivi, anapunguza sauti, anaeleza filamu yote kwa Kiswahili cha huku. Ni ufundi wenye ukoo. Uganda wana VJ Jingo, Tanzania walimpata Lufufu, kwetu Kenya DJ Afro amelea kizazi kizima kwa vibanda vya video. Yaya wetu alipofika kwa Outworld, ile dunia ya maadui, aliiita "ngambo." Watoi wote waligeuza vichwa upande wa ziwa. Ngambo ya hapa ni Tanzania, maji makubwa yako katikati, na kila mtu ana ndugu aliyevuka. Kwa neno moja ile dunia ikawa na umbali wa kweli.

Kwa nini hukumu yao inahesabika

Nikicheki ile PlayStation iliyopasuka kifuniko, nafikiria kitu. Ndani ya mashine kama hizi kuna tantalamu, na tantalamu inatoka kwa koltani. Mwaka wa 2000 bei ya koltani duniani ilipaa, simu na kompyuta na gemu zote zikiitaka, na wapo walioita mapigano ya mashariki ya Kongo vita vya PlayStation. Vita vile vilikuwa na mizizi mingi kuliko hiyo mashine. Bado ni kweli kwamba koltani inachimbwa mkoa huuhuu wa Tanganyika, kule Manono na Nyunzu, na kwamba gemu ambayo dunia inaita yake ina mchanga wa huku ndani.

Kwa mabenchi haya kuna watoi ambao familia zao zilikimbilia Kalemie wakati wa mapigano ya Watwa na Waluba, miaka ya 2016 hadi 2018. Sistangu aliniuliza kwa nini mtoto aliyeona hayo akae kuangalia damu nyingine. Swali lake ni zito na sijalimaliza. Filamu ya 2021 ni ya watu wazima, na baada ya mazungumzo yetu nilikubali kwamba mpwa wangu nilimwahisha. Nilichoona kwa macho yangu ni ile sheria ya maneti. Pigano lina kengele, lina mwisho, na anayeshindwa anampa mwenzake zamu. Watoi wale wanailinda hiyo sheria kuliko mwenye play mwenyewe.

So kama una watoi kejani, rada ni hii: anza na ya 1995, haina damu ya kutisha. Ya 2021 icheki na wakubwa wenzako, na usikose zile dakika za mwanzo. Ya 1997 iruke.

Kesho yake asubuhi mathe wa nyumba alitafuta kajembe kake shambani akakakosa. Nilijua kako wapi. Nikashuka mpaka ufukweni, nikawakuta wanne, kamba ya wavu wa samaki imefungwa kwa kale kajembe, inazunguka hewani. Nikakachukua, nikawafungia kigunzi cha mahindi badala yake. Hawakubishana. Wakagawana majina: Scorpion, Sub-Zero, Raiden, Liu Kang. Nikauliza nani ni Cole. Wakaniangalia, halafu wakaendelea.

Mpwa wangu ndiye alikuwa Scorpion. Alirusha, kigunzi kikapita kando ya bega la Sub-Zero kikaanguka majini. Akavuta kamba polepole, akaikunja, akampitishia mwingine.