Mgongo wa mchukuzi na sindano za Kichina

Mwaloni Nyanza-Lac, jua likiwa bado halijapanda, wachukuzi huwa wameshainamia mizigo: madumu ya mawese, magunia ya ndagala, bidhaa za kwenda Kigoma, Rumonge na Bujumbura. Anayekula kwa mgongo wake anajua thamani ya mgongo. Ndiyo maana muuza tiba ya Kichina, mwenye sindano, mafuta ya kuchua na maelezo marefu kuhusu "chi", hakosi wa kumsikiliza.

Katika tiba ya kale ya China, chi ni nguvu ya uhai inayopita mwilini kwa njia zake maalumu. Njia ikiziba, maumivu huja, sindano huizibua. Hakuna chombo cha maabara kilichowahi kuipima nguvu hiyo. Lakini mwenye mgongo unaouma haulizi kama chi ipo. Anauliza kama kesho ataweza kubeba.

Swali hilo sayansi hulipima, ingawa kwa taabu. Mwaka 2007 watafiti wa Ujerumani walichapisha matokeo ya wagonjwa 1,162 wa maumivu sugu ya mgongo. Kundi la kwanza lilichomwa sindano kwa kufuata mafundisho ya Kichina. La pili lilichomwa juujuu, mahali pasipotajwa na mafundisho hayo, bila wagonjwa kuambiwa. La tatu lilipata matibabu ya kawaida ya dawa na mazoezi. Baada ya miezi 6, waliopata nafuu walikuwa asilimia 47.6 katika kundi la kwanza, 44.2 katika la pili na 27.4 katika la tatu.

Sindano zilishinda matibabu ya kawaida, lakini zile za uongo zilikaribia kulingana na za kweli. Je, kilichosaidia ni matumaini ya mgonjwa, maneno ya tabibu, au kule kuchomwa tu? Ni vigumu kuvitenganisha. Kidonge cha dawa hulinganishwa na kidonge kitupu hata daktari asijue kipi ni kipi. Mchoma sindano anajua anachofanya, na uso wake unaweza kumsaliti.

Palipo na kitu cha kuhesabu, mambo huwa mepesi. Mwaka 1972 kikundi cha mtafiti wa China, Tu Youyou, baada ya kupekua vitabu vya tiba vya kale, kilipata artemisinini kutoka kwenye mmea wa jamii ya pakanga. Vimelea vya malaria huonekana kwa hadubini, dawa iliviua. Mwaka 2003 Burundi ilichagua dawa mseto za asili hiyo kutibu malaria, na mwaka 2015 Tu alipewa Tuzo ya Nobeli. Hakuna aliyemdai kwanza athibitishe chi.

Mizani ya sokoni hupima kilo za ndagala, haipimi ladha; hata hivyo hakuna mfanyabiashara anayenunua bila mizani. Kwa mgongo uliochoka, sindano mpya na safi, kwa bei isiyokula mtaji, ni hiari ya mtu. Ila miguu ikifa ganzi au mkojo ukishindwa kuzuilika, hospitali haingoji. Na mtoto akishikwa na homa, kipimo cha malaria kwanza, maelezo ya chi baadaye. Mficha maradhi, kifo humuumbua.