Kiini cha uhasama wa Tana River ni maji na ardhi, wala si dini

KILA mara damu inapomwagika katika Kaunti ya Tana River, habari zinazoenea kwingineko nchini huwa kwamba Wapokomo na Waorma wamepigana tena. Maelezo hayo hutaja waliopigana bila kueleza kilichowapiganisha, na msikilizaji hubaki akiamini kwamba jamii hizo zilizaliwa na uadui.

Wapokomo ni Wabantu ambao tangu jadi wamelima mpunga, mahindi, ndizi na maembe kandokando ya Mto Tana. Waorma ni wafugaji wenye asili ya Kikushi, sawa na jirani zao Wardei. Kaunti hiyo, iliyohesabiwa wakazi 315,943 katika sensa ya 2019, pia ni makao ya Wamunyoyaya, Wata, Wamalakote, Wasomali na Wamijikenda.

Kuhusu dini, karibu Waorma wote ni Waislamu. Wapokomo wa upande wa juu wa mto nao aghalabu ni Waislamu, ilhali wengi wa upande wa chini ni Wakristo, matunda ya wamisionari Wajerumani walioweka kituo Ngao mwishoni mwa karne ya 19. Kwa hivyo mpaka wa dini haulingani na mpaka wa mapigano. Wapo Wapokomo na Waorma wengi wanaoelekea kibla kimoja, na bado hilo halikuzuia mikuki.

Ili kuelewa kiini cha ugomvi, sharti mtu aanze na mto wenyewe. Tana, ambao ndio mrefu zaidi humu nchini, husafiri takriban kilomita 1,000 kutoka Mlima Kenya na milima ya Aberdare hadi Bahari Hindi. Kwa desturi ulifurika wakati wa masika na wa vuli. Maji yalipojiondoa yaliacha tope lenye rutuba, na mkulima akapanda.

Kiangazi kilipokausha nyika, mfugaji naye aliteremka na ng'ombe wake hadi kwenye delta, ambako nyasi hudumu. Aliyafikia maji kwa kupitia malka, yaani njia za mifugo zinazopita baina ya mashamba. Ng'ombe walikula mabua baada ya mavuno na kuacha samadi, huku nafaka zikibadilishwa kwa maziwa na samli. Shamba lilipoharibiwa, wazee wa Gasa wa Wapokomo na wa Matadeda wa Waorma walikutana kuamua fidia.

Mpango huo ulianza kulegea mto ulipobadilishwa. Mabwawa ya Kindaruma (1968), Kamburu (1974), Gitaru (1978), Masinga (1981) na Kiambere (1988) yaliipa nchi umeme, lakini yalivuruga mafuriko yaliyomtegemeza mkulima wa chini. Mashamba yalizidi kusogea ukingoni, na baadhi ya malka zikazibwa. Miradi ya kilimo cha unyunyizaji, kama ule wa Bura, ilitwaa sehemu ya malisho. Mwaka 2008 ukazuka mzozo mwingine kuhusu mpango wa kupanda miwa kwenye maelfu ya hekta za delta, uliofikishwa mahakamani.

Pigo kubwa lilitokana na suala la hatimiliki. Serikali ilipotaka kupima ardhi ya kandokando ya mto na kuwagawia watu binafsi, mkulima aliona haki yake ikitambuliwa hatimaye. Mfugaji kwa upande wake aliona ukuta ukijengwa baina ya ng'ombe na maji. Hofu ya kila mmoja ilikuwa na msingi. Mwaka 2001 mapigano yalizuka na makumi ya watu wakauawa.

Mwaka 2012 hali ilikuwa mbaya zaidi. Mnamo Agosti 22, zaidi ya watu 50 waliuawa Riketa, wengi wao wanawake na watoto. Mwezi uliofuata makumi wengine, wakiwemo maafisa wa polisi, waliuawa Kilelengwani. Desemba 21 takriban watu 40 waliangamia Kipao. Rais Mwai Kibaki aliunda tume ya uchunguzi iliyoongozwa na Jaji Grace Nzioka.

Wakati huo haukuwa wa kawaida. Uchaguzi wa Machi 2013 ungewapa wakazi gavana wao wa kwanza, na Katiba ya 2010 inaikabidhi serikali ya kaunti dhamana ya ardhi za jamii ambazo hazijasajiliwa. Mshindi angekuwa na usemi mkubwa kuhusu ardhi na malka. Hapo ndipo kabila lilipogeuka silaha: watu waliogombania maji walihimizwa kuhesabiana kwa ukoo.

Maadamu kiini ni hicho, mikutano ya amani na doria za polisi haziwezi kutosha. Sheria ya Ardhi za Jamii ya 2016 inaruhusu jamii kusajili ardhi yake kwa pamoja, na hata kumpa asiye mwanajamii ruhusa ya kulisha mifugo kwa masharti yaliyokubaliwa. Kwa maneno mengine, desturi iliyolindwa na wazee sasa inaweza kuandikwa na kutetewa kortini.

Kinachohitajika ni malka kupimwa na kuwekwa kwenye ramani pamoja na mashamba, Gasa na Matadeda wakishuhudia, kabla ya ukame kuwakutanisha tena mkulima na mfugaji ukingoni. Bila hivyo, kila hatimiliki itakayotolewa itamfurahisha mmoja na kumtia kiu mwenzake.