Televisheni ya Chumba Kidogo



Mwenzetu mmoja aliyepanga chumba huko bara, Vigwaza, atuuliza: fedha za karafuu amekwisha kuzipokea, palizi bado hajalipa, je, anunue televisheni ya inchi 55? Twamjibu: la.

Televisheni za rangi zilizoingia Unguja miaka ya 1970 zilikuwa masanduku mazito. Za leo ni bapa, na ubapa huo huwadanganya watu wakadhani yoyote itaenea. Inchi hupimwa kutoka pembe hata pembe ya kioo: 32 ni sentimita 81, 43 ni 109, 55 ni 140. Mtazamaji yafaa akae mbali si chini ya mara moja na nusu ya kipimo hicho. Kwa 55 ni mita 2 na zaidi, na chumba cha futi 10 chenye kitanda na meza hakimpi nafasi hiyo. Basi 43 yatosha, tena 32 ni bora ikiwa meza ni ndogo, maana nyingi zina miguu miwili kwenye ncha, na 43 hutaka meza ya karibu mita nzima. Wanaokalia mkeka waiweke chini, shingo zisiumie.

Aulize pia kama king'amuzi kimo ndani. Wala asilipe kabla haijawashwa mbele yake.