Bafu Jipya la Ua Wetu, Sericho

Mavyaa wetu aliliita "bafu la wageni". Lilipokwisha, likimeremeta vigae vyeupe na bomba la mvua limetundikwa ukutani mfano wa yale tuliyoyaona Mombasa, alilitumia siku mbili. Siku ya tatu aliteleza. Alhamdulillahi hakuvunjika mfupa, lakini alichukua ndoo na kata yake akarudi kuogea nyuma ya mabati.

Sisi tunaoandika haya ni wake wa ndugu wawili, mmoja mzaliwa wa Malindi, mwingine wa Garbatulla, nasi twaishi ua mmoja hapa Sericho, kaunti ya Isiolo, pamoja na mavyaa wetu, waume zetu na watoto sita. Jamaa wa pwani ambao hawajafika huku na wajue kwamba mto Ewaso Ng'iro hupita pande zetu ukielekea kinamasi cha Lorian, ila si kila mwezi hupita na maji. Kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi mwishoni mwa 2022 misimu mitano mfululizo ya mvua ilitutupa mkono. Kisha zikaja mvua za El Nino za mwishoni mwa 2023, na ukuta wa bafu letu la zamani ukalala chini.

Tukabaki na kizuizi cha mabati kisicho paa. Wanaume haikuwadhuru sana. Binti zetu wakawa hawaogi mpaka giza liingie, wakati ambapo nge nao wameanza matembezi yao, na aliyepaswa kuoga josho la faradhi kabla ya alfajiri alikwenda na tochi na nduguye wa kumlinda. Hiyo ndiyo haja iliyotujengesha. Bomba la mvua lilikuja baadaye, na tukiri kwamba hilo lilikuwa tamaa yetu.

Fundi wa kwanza alitupa uzuri wa macho. Vigae vilikuwa laini kama sahani, na mteremko wa sakafu ulielekea mlangoni badala ya kuelekea tundu la maji. Povu la sabuni likatuama pale pale mtu anapokanyaga akitoka. Tulipomwendea mavyaa kumwomba radhi, tulidhani atalalamikia vigae. Yeye akasema jambo jingine.

"Wanangu, maji yakitoka juu hamyaoni yanapokwenda."

"Lakini Mama, pipa limejaa."

"Limejaa leo."

Tuliweka ndoo ya lita 20 chini ya bomba lile. Ilijaa kwa dakika mbili. Maana yake kijana anayeoga dakika saba ametumia lita 70, yaani mitungi mitatu na nusu ambayo punda ameibeba kutoka kisimani. Tukaona haya. Sote tulifundishwa chuoni hadithi iliyopokewa na Anas bin Malik, radhi za Allah ziwe juu yake, kwamba Mtume, swalla Allahu alayhi wa sallam, alikuwa akitawadha kwa kibaba kimoja cha mudi na akioga kwa pishi moja hadi mudi tano. Pishi hiyo haizidi sana lita tatu. Wala bomba la mvua halina kosa kisheria: mtu akinuia na maji yakaenea mwili mzima, josho lake limetimia. Kosa lilikuwa katika koki iliyoachwa wazi.

Fundi wa pili alikuwa mtu wa maneno machache. Alibandua vigae vya sakafuni, akamwaga saruji na kuikwaruza kwa ufagio ingali mbichi ili mguu ushike, akaipa mteremko wa sentimita mbili kwa kila mita kuelekea tundu. Ukutani alitia nondo ya kushikia na kibao cha saruji cha kukalia. Choo akakitenga kwa ukuta wake na mlango wake, na nje ya bafu akaweka koki ya chini na kigoda cha kutawadhia, hata wakati wa alfajiri mmoja aoge, mwingine atawadhe, pasiwe na msongamano. Madirisha yako juu ya kimo cha mtu, na komeo liko ndani.

Kwa maji tulifanya hivi. Pipa lililo juu ya jukwaa halipeleki tena maji moja kwa moja kwenye bomba. Hujaza kwanza mtungi mweupe wa lita 20 uliowekwa ndani ya bafu, juu ya kichwa, unaopitisha nuru na uliochorwa alama za lita. Mwenye kuoga huufungulia, huufunga, kisha huoga huku akiona alichobakiwa nacho. Ukiisha, umeisha. Msukumo ni mdogo, kwa hiyo tulichagua bomba lenye matundu mapana, na lile la umeme tuliloshawishiwa kulinunua tukaliacha dukani. Kwanza linataka msukumo. Pili, pipa jeusi likipigwa na jua la huku, saa nane mchana maji yake humkimbiza mtu.

Maji ya josho, bila ya yale ya chooni, huenda kwenye mwarobaini na mche wa mhina tulioleta kutoka Malindi. Mhina umeshika. Binti zetu wameanza kugombania majani ambayo bado hayajatosha kiganja kimoja.

Ijumaa ya kwanza mavyaa aliingia na kata yake mkononi, kwa tahadhari. Tulikaa uani tukijifanya twachambua mchele. Tulisikia komeo, kisha maji, kisha kimya, kisha maji tena. Alipotoka alituambia ametumia hadi alama ya 11, na kwamba kibao cha kukalia kiko juu mno kwa magoti yake.

Fundi atakuja Jumanne kukishusha. Tumemwomba pia alitazame bomba, kwa kuwa maji ya kisima chetu yana chumvi na ganda jeupe limekwisha kuziba matundu matatu. Hadi aje, tumelilowesha katika siki.