Siku ya Nane Bila Kidonge

Muulize mwanamke anayemeza vidonge vya majira ni siku gani asiyopaswa kabisa kusahau. Huenda akakutajia katikati ya mwezi, kwa kuwa shuleni tulifundishwa kwamba ndipo yai linapopevuka. Jibu hilo linamfaa asiyetumia vidonge. Kwa anayevitumia, hatari iko pembeni mwa pakiti, yaani siku zinazotangulia vile vidonge vya kahawia na siku zinazovifuata. Aliyechelewa kuanza pakiti mpya yumo hatarini zaidi kuliko aliyesahau kidonge cha kumi na mbili.

Sababu iko chini ya ubongo, kwenye tezi ya pituitari. Tezi hii ndiyo inayoziamuru ovari zikuze vifuko vya mayai. Vidonge vyenye homoni mbili, estrojeni na projestini, huinyamazisha, na ovari zikikosa amri hutulia. Pakiti ya vidonge 28 kwa kawaida ina 21 vyenye homoni na saba visivyo nayo, ambavyo mara nyingi ni vya kahawia na vina madini ya chuma tu. Mwanamke akifikia hivyo saba, tezi huanza kuamka. Picha za altrasaundi zimeonyesha vifuko vikikua ndani ya wiki hiyo, na kwa baadhi ya wanawake hufikia milimita 10 au zaidi. Siku saba kwa kawaida hazitoshi kulipevusha yai, kwa sababu kidonge cha kwanza cha pakiti mpya hukikuta kifuko bado kichanga na kukizuia. Pakiti hiyo ikichelewa, inakuja siku ya nane, ya tisa, ya kumi, na kifuko kilichokwisha kukua kinaweza kuliachia yai.

Kuzituliza tena ovari kunahitaji vidonge saba vilivyofuatana bila kukosa. Ukiishika namba hiyo, maelekezo yote ya muuguzi yanaeleweka. Aliyesahau kidonge kimoja akimeze mara anapokumbuka, hata kama atameza viwili siku moja, kisha aendelee kama kawaida; hana haja ya kinga nyingine. Aliyekosa viwili mfululizo au zaidi ameze kimoja mara moja, aviache vingine vilivyompita, aendelee na pakiti, na kwa siku saba atumie kondomu au asikutane na mwenzake. Ipo miongozo inayoanza kuhesabu hatari kwenye vidonge vitatu. Mimi ningeshika viwili, kwa kuwa kusahau mara nyingi hakuji peke yake: kuna safari, kuna msiba, kuna mtoto anayeumwa, na hesabu yenyewe huwa ya kukisia.

Vikikosekana katika wiki ya kwanza, na katika siku tano zilizopita alikutana na mwanamume bila kondomu, hapo ndipo kidonge cha dharura kina kazi, kile ambacho vijana hukiita P2. Kinafaa zaidi kadiri kinavyowahiwa, hasa ndani ya saa 72, na baada ya kukimeza anaweza kurudia vidonge vyake bila kungoja hedhi. Vikikosekana katika wiki ya tatu, amalize vyenye homoni vilivyobaki, avitupe vile vya kahawia, na kesho yake aanze pakiti mpya. Hapo wengi hushtuka: na hedhi je?

Damu inayotoka katika wiki ya vidonge vya kahawia haitokani na yai lililopevuka. Ukuta wa mji wa mimba unabomoka kwa sababu homoni imekatwa ghafla. Watafiti waliokitengeneza kidonge cha kwanza huko Marekani, akina Gregory Pincus na John Rock, waliuweka mpangilio huo ili ufanane na mwezi wa mwanamke, na kilipoidhinishwa kuzuia mimba mwaka 1960 ulikwenda nacho. Mwaka 2019 chombo cha wataalamu wa afya ya uzazi cha Uingereza kilieleza kwamba mapumziko hayo ya siku saba hayana faida ya kiafya. Wanawake wanaokwenda Hija wanalijua hilo kwa vitendo: huunganisha pakiti moja na nyingine bila kumeza vya kahawia ili hedhi isiwakute wakati wa tawafu.

Nalisema hili kwa sababu ya imani iliyoenea kwamba mwili unahitaji kupumzishwa. Mwanamke anaacha vidonge kwa miezi miwili ili dawa isijikusanye tumboni au isimharibie kizazi. Dawa haijikusanyi popote. Homoni hiyo mwili huimaliza katika siku chache, na uwezo wa kushika mimba haucheleweshwi. Ndiyo maana wengine hupata mimba katika mapumziko hayohayo. Isitoshe, hatari ya damu kuganda mishipani huwa kubwa zaidi katika mwaka wa kwanza wa kutumia vidonge, na hupanda tena kwa anayeanza upya baada ya kuacha wiki nne au zaidi. Hatari yenyewe ni ndogo: kati ya wanawake 10,000 wasiotumia vidonge, wawili hivi huipata kwa mwaka, na kati ya wanaotumia vile vyenye levonogestreli ni watano hadi saba. Ujauzito huiongeza kuliko vidonge. Lakini anayepumzika na kurudi, kupumzika na kurudi, huurudia kila mara mwanzo ule wenye hatari zaidi. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au pumzi ikibana ghafla, awahi hospitali.

Aliyeacha kwa muda na sasa anataka kuanza tena anaweza kuanza siku yoyote, mradi kuna uhakika wa kutosha kwamba hana mimba na amepimwa shinikizo la damu. Akianza ndani ya siku tano za mwanzo wa hedhi, kinga inaanza papo hapo. Akianza siku nyingine, zinarudi zile siku saba za kondomu.

Vidonge vya homoni moja, ambavyo hupewa zaidi wanaonyonyesha, vina masharti yake. Aina za zamani hutegemea kuufanya ute wa mlango wa kizazi uwe mzito, na kuchelewa saa tatu tu kunahesabiwa kuwa kukosa. Kinga ya ziada hapo ni ya siku mbili.

Lakini si kila siku ya nane huletwa na usahaulifu. Pakiti imeisha Ijumaa, zahanati ni mwendo wa saa mbili, Jumatatu vidonge havipo, Alhamisi muuguzi yuko semina. Mwanamke huyo hakusahau chochote. Shirika la Afya Duniani linapendekeza apewe hata pakiti za mwaka mzima kwa mara moja akizitaka, kwa sababu upungufu wa pakiti ndio unaozaa pengo. Anayepewa moja moja na aombe nyingine akiwa bado anameza wiki ya pili, wakati bado ana siku za kungoja.